Mfarishi wa sufu wa kale si kazi ya viraka

Mhariri,

Kurasa za ufundi wa nyumbani zinapogusia mfarishi, maelezo huwa yale yale: mama hana uwezo, anakusanya masalia ya vitambaa, anaunga kiraka kwa kiraka, watoto wanapata cha kujifunika. Kwa mifarishi ya pamba ya Marekani ya katikati ya karne ya 19, maelezo hayo yana ukweli wake. Kwa mifarishi ya sufu iliyoitangulia, ile ya New England (kaskazini mashariki mwa Marekani) ya miaka ya 1750 hadi 1830 hivi, hayafai. Ile ilikuwa ya kitambaa cha aina moja na rangi moja, na waliokuwa nayo ni watu wenye nafasi. Tunaomba safu yako tueleze inavyoshonwa, kwa sababu wapo mafundi wa nyanda za baridi, kuanzia Makete hadi Limuru, wanaotaka kuijaribu, na maelekezo ya viraka wanayopewa yanawapoteza.

Tuanze na kitambaa, maana fundi akikosea hapo sindano haitamwokoa. Uso wa juu ulifumwa kwa sufu ya kuchana. Sufu ndefu ya kondoo wa Kiingereza ilipitishwa kwenye vitana vya chuma vilivyopashwa moto, nywele fupi zikatolewa zote, ndefu zikalala sambamba, ndipo ikasokotwa kwa kukazwa. Uzi wa namna hiyo ni mwembamba, imara, na hauna manyoya. Norwich, mashariki mwa Uingereza, ndiko kulikosifika kwa kufuma vitambaa hivi. Kikishatiwa rangi, kitambaa kilikunjwa, kati ya mikunjo yakapangwa makaratasi magumu na laini, kikabanwa kwenye shinikizo lenye moto mpaka uso ukang'aa kama umepakwa mafuta. Kingine kilipitishwa kati ya rola nzito. Cha kufumwa kwa mtindo wa satini kiliitwa kalamanko, cha kawaida tami, cha mistari ya mshazari shaluni. Wakusanyaji wa vitu vya kale siku hizi huviita vyote kalamanko, na hakuna madhara.

Mng'ao ule una kazi. Mfarishi wa kitambaa kimoja hauna maua ya kuchapwa wala rangi za kushindana. Kinachoonekana ni kivuli tu. Sindano inapobana tabaka tatu (kitambaa cha juu, kijazo cha sufu na kitambaa cha chini), bonde linatokea. Kati ya mabonde mawili sufu ya ndani inavimba. Uso unaong'aa unarudisha mwanga kwenye kilima na kuacha giza bondeni, na hapo ua lenye upana wa nusu mita linaonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Chukua mchoro ule ule, mishono ile ile, ushone kwenye flaneli yenye manyoya: mwanga unamezwa na mchoro unapotea. Shona kwenye kitambaa cha maua, hutaona kitu kabisa. Ndiyo sababu waliokuwa na uwezo wa kuchagua walichagua buluu ya nili iliyokolea, nyekundu na waridi ya mizizi ya rubia, kijani cha nili juu ya manjano, au kahawia, tena rangi moja tu kwa uso mzima.

Kwa nini kitambaa cha mbali? Sheria ya sufu ya Uingereza ya mwaka 1699 iliyakataza makoloni ya Amerika kupeleka sufu na nguo za sufu nje ya koloni moja hadi jingine. Kufuma kwa matumizi ya nyumbani kuliruhusiwa, lakini kiwanda cha kushindana na Norwich kisingeweza kukua. Pia kondoo walihusika. Merino walioletwa Connecticut na David Humphreys mwaka 1802, kisha Vermont na William Jarvis miaka michache baadaye, wana sufu nyororo sana, ila ni fupi; haifai kuchanwa kwa vitana vya mkono. Mfarishi uliofumwa nyumbani kwa sufu ya kuchambuliwa, isiyopitishwa kwenye vitana, huwa na joto zuri na uso uliofifia, na ukiweka miwili pamoja tofauti inaonekana hata kwa asiye fundi. Walichofanya wengi ni kununua kitambaa cha juu, na kufuma wenyewe cha chini: kizito, cha uzi mnene, mara nyingi cha manjano au rangi ya sufu yenyewe.

Kilichoua mtindo huu kinahusiana na pwani yetu. Viwanda vya pamba vya Massachusetts, vilivyoanza kufuma kwa mashine Waltham mwaka 1814 na kisha kupanuka Lowell katika miaka ya 1820, viliishusha bei ya pamba hadi familia za kawaida zikaweza kununua vitambaa vilivyochapwa. Wanawake wa New England wakaacha sufu ya rangi moja, wakaingia kwenye pamba na viraka. Pamba hiyo hiyo, isiyopaushwa, ilipakiwa kwenye meli za Salem, bandari ya Massachusetts, ikaja Unguja kama merikani, meli zikirudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Mkataba wa Seyyid Said na Marekani ni wa mwaka 1833, na Richard Waters wa Salem akafika Unguja kama balozi mdogo mwaka 1837. Kitambaa kilichomaliza mfarishi wa sufu kule ndicho kilichovalishwa bara zima huku.

Sasa kazi yenyewe.

Fundi wa hapa asihangaike kutafuta kalamanko. Kitambaa cha suti cha sufu tupu, kile chembamba cha gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba, ni jamaa yake wa karibu: nacho ni cha sufu ya kuchana. Tatizo ni kwamba suti nyingi sokoni ni mchanganyiko wa sufu na polista, na muuzaji ataapa kuwa ni sufu. Chomoa nyuzi mbili tatu za mtande (za urefuni) na mbili tatu za mshindio (za upanani), uchome kila fungu peke yake. Sufu inajikunja ikikimbia moto, inanuka nywele zilizoungua, inazima yenyewe, na majivu yake meusi yanasagika kati ya vidole. Polista inayeyuka na kuacha punje ngumu. Pamba na kitani vinaungua kama karatasi na kuacha majivu ya kijivu. Usichome mtande peke yake ukaridhika; vitambaa vyenye mtande wa aina moja na mshindio wa aina nyingine viko tele. Ukipata punje ngumu, rudisha. Kitambaa chenye polista kinakataa kutulia chini ya mvuke. Ukikaza uzi kinafanya makunyanzi badala ya kuvimba.

Mng'ao unaweza kuuongeza kwa pasi. Kila fundi wa suti anajua kuogopa kupiga pasi uso wa sufu bila kitambaa cha kukingia, maana inaacha ng'aro mbaya magotini na kwenye viwiko. Hapa ng'aro hiyo ndiyo inayotafutwa. Nyunyiza maji kidogo, weka pasi kwenye alama ya sufu, bana moja kwa moja juu ya uso kwa uzito, ukifuata mtande kwa upande mmoja tu. Jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni: sufu ikianza kubadilika kuwa njano, umeiunguza na haitarudi. Kumbuka pia kwamba mng'ao huu, wa pasi na hata ule wa kiwandani, unaondoka kwa maji. Tutarudi hapo.

Kitambaa cha chini kiwe cha sufu pia, gramu 275 hivi kwa mita ya mraba, kilicholegea kidogo kuliko cha juu. Flaneli nene inafaa. Blanketi zito halifai, sindano itakwama. Kabla ya kukata chochote, vipige vyote viwili mvuke wa kutosha na uviache vilale usiku mzima. Usipofanya hivyo vitasinyaa kila kimoja kwa kiasi chake baada ya kushonwa, na mfarishi utakuwa na mawimbi pembeni yasiyonyooshwa na pasi yoyote.

Vipimo. Chukulia kitanda cha sentimita 140 kwa 190, na unataka mfarishi uning'inie sentimita 50 kushoto, kulia na miguuni. Hapo unahitaji 240 kwa 240. Mishono inakula kitambaa kwa takriban asilimia 5, kwa hiyo anza na 255 kwa 255. Kitambaa cha suti kina upana wa sentimita 150 hivi: nunua mita 5.25, ukate vipande viwili vya 255. Kimoja kikae katikati kikiwa kizima. Kingine kipasue kwa urefu, nusu moja kila upande, kisha punguza. Usiunge viwili katikati. Mshono utakatiza ua la katikati na jicho litauona kabla ya kitu kingine. Wa kale, ambao vitambaa vyao vilikuwa vyembamba, walitumia vipande vitatu au vinne. Muhimu: usigeuze kipande juu chini ili kubana matumizi ya kitambaa. Mng'ao una mwelekeo, na kipande kilichogeuzwa kitaonekana kama kina rangi nyingine. Acha sentimita 1.2 za mshono, uzifungue kwa pasi pande mbili, ili sindano isikutane na unene wa ziada.

Mifarishi mingi ya New England imekatwa pembe mbili za miguuni ili nguzo za kitanda zipite. Mwenye samadari nyumbani anaelewa mara moja. Kwa vipimo tulivyotoa, pembe hizo ni mraba wa sentimita 50 kwa 50 kila moja. Zikate mwishoni, baada ya kushona, lakini zichore mwanzoni ili mapambo yasiangukie humo.

Kijazo ni sufu ya kuchambua. Kondoo wekundu wa Kimaasai na wale wa kichwa cheusi hawafai kwa hili, wana nywele tu. Unahitaji sufu ya merino au koridale, na inapatikana nyanda za juu za Kenya, upande wa Molo na Nyandarua. Kwa mita za mraba 6.5 na gramu 150 kwa kila mita, utatumia takriban kilo moja ya sufu safi. Nunua kilo mbili za sufu chafu, kwa kuwa mafuta, jasho na vumbi vinaweza kuchukua karibu nusu ya uzito. Jumla, mfarishi utakuwa na kilo 4 na kidogo. Huo ndio uzito wake halali. Anayetaka wepesi anunue polista.

Kuosha sufu kunawashinda wengi. Maji yawe ya nyuzi 60 hivi, sabuni ya maji ya kutosha, sufu izamishwe polepole na iachwe ilale dakika 15 hadi 20. Usisugue, usikoroge, usimimine maji juu yake. Sufu ina magamba madogo. Joto na sabuni vikiyafungua halafu ukaitikisa, magamba yanashikana na unapata gome la kugandamana lisilochambuka. Itoe maji yakiwa bado ya moto. Ukiiacha hadi maji yapoe, mafuta yanaganda tena kwenye nywele na kazi inaanza upya. Birika la pili na la tatu yawe na joto lile lile. Kuitoa kwenye maji ya moto na kuitia kwenye baridi ni njia nyingine ya kuigandamiza. Ikishakauka kivulini, ichambue kwa brashi mbili za meno ya waya, upate shuka nyembamba za sufu. Zipange tabaka mbili: la kwanza nywele zielekee urefuni, la pili upanani. Zikielekea upande mmoja zinateleza, na baada ya mwaka mmoja kuna mahali patupu na mahali penye uvimbe. Inua mbele ya dirisha kabla ya kufunika, mwanga utakuonyesha palipo pembamba. Na tafadhali, sufi ya mito isiguswe: nyuzi zake ni fupi, zinateleza na kuvunjika kuwa vumbi, mfarishi unabaki ngozi mbili.

Kuchora kunafanyika kabla ya kufunga kwenye fremu, uso ukiwa juu ya meza. Michoro ya wakati ule ilikuwa mikubwa: nyoya lililopinda kama mkufu, nanasi, maua yanayotoka kwenye mzabibu mmoja unaozunguka pembe zote, wakati mwingine moyo. Halafu uwanja wote unaobaki unajazwa mistari ya mshazari au ya kukatana. Watu wanapuuza uwanja, lakini uwanja ndio unaoinua ua. Ukishona mistari ya karibu karibu, sufu inalazwa chini. Ua lililoachwa bila mistari linainuka. Acha uwanja wazi na ua lijazwe mishono, utapata kinyume: ua litazama.

Kuhamisha mchoro kutoka kwenye karatasi, toboa mstari kwa sindano kila milimita 2 au 3, weka karatasi juu ya kitambaa, kisha gonga kwa kifurushi cha kitambaa chepesi kilichojazwa unga wa chaki. Usiburute, gonga. Inua karatasi wima, na mara moja unganisha vitone kwa chaki ya fundi iliyochongwa, kwa sababu pumzi moja inatosha kuvifuta. Kwenye rangi hafifu wapo wanaotumia unga wa mdalasini. Kwa mistari mirefu ya uwanja, rula na ncha butu ya sindano nene inatosha: inaacha mfereji kwenye uso unaong'aa, nao unakaa muda wa kutosha kushona. Kalamu ya wino, karatasi ya kaboni na nta vikae mbali. Mfarishi huu hautafuliwa, kwa hiyo alama isiyopanguswa kwa brashi ni ya kudumu. Washonaji wa kofia wa Lamu na Unguja, wanaomaliza mchoro kabla ya kutunga uzi, watakuwa na nafuu kubwa hapa.

Fremu ni magongo mawili ya mita 2.8 na mbao mbili fupi, zimefungwa kwa jiriwa nne na kuegeshwa juu ya migongo ya viti. Kwenye kila gongo pigilia ukanda wa turubai, na kitambaa cha chini kishikizwe hapo kwa mishono mirefu. Tandaza sufu, funika na uso wa juu, kisha piga bandi kuanzia katikati kwenda nje, mistari ikiachana upana wa kiganja. Baada ya hapo zungusha magongo. Wengi wanakaza kama ngoma, na hapo wanajikwamisha: sindano haiwezi kuyumba, wanaishia kuchoma mshono mmoja mmoja na mishono inalala vibaya. Ukibonyeza kwa kidole, tabaka zote tatu zishuke sentimita 2 hivi. Zikishuka zaidi ya hapo, kitambaa cha chini kitajikunja na utashona mkunjo bila kujua.

Sindano iwe fupi, namba 7 au 8. Uzi wa sufu ya kuchana wa nyuzi mbili, au wa kitani uliopitishwa kwenye nta ya nyuki, usizidi sentimita 45. Mrefu zaidi unakwaruzwa na sufu kabla hujaufikia mwisho. Usitumie uzi wa polista wa cherehani. Ni imara kuliko kitambaa, na siku mfarishi ukivutwa kwa nguvu, kitakachopasuka ni kitambaa. Rangi ya uzi ifanane na uso wa juu. Fundo livutwe lipenye uso kwa mlio mdogo na libaki ndani ya sufu. Mkono mmoja uko chini, kidole kikingoja ncha; mkono wa juu, wenye kastabani kwenye kidole cha kati, unasimamisha sindano wima, inazama, ncha ikigusa kidole cha chini unailaza, inaibuka. Mishono mitatu au minne kwa mkupuo, kisha vuta. Kuzamisha sindano ikiwa imelala ni kosa linalojificha: juu mishono ni mizuri, chini mingi haijafika. Pindua fremu na uangalie kila baada ya muda.

Wa kale walifika mishono 8 kwa inchi, wengine zaidi, yaani takriban mitatu kwa sentimita. Fanya hesabu. Mistari ya uwanja ikiachana sentimita 2, kila mita ya mraba ina mita 50 za mshono. Mfarishi wa 240 kwa 240 una karibu mita 290. Hiyo ni mishono isiyopungua 86,000 kabla ya kuhesabu ua lolote. Uzi andaa mita 450 hadi 500. Ukiamua mistari ya kukatana, zidisha mara mbili. Kwa hesabu hiyo peke yake mtu anaona kwamba haikuwa kazi ya kuokoteza, na anaona pia namna ya kupanga bei. Afadhali mishono miwili kwa sentimita iliyolingana kuliko mitatu inayopungua kadiri mkono unavyochoka. Uso wa rangi moja hausitiri chochote.

Pembeni hakuna fumbo. Punguza kijazo sentimita 1 ndani ya ukingo, kunja vitambaa vyote viwili kwa ndani na ushone, au funga kwa utepe wa sufu. Kwenye kona za ndani za zile pembe zilizokatwa ongeza kiraka kidogo upande wa chini, kwa sababu hapo ndipo nguzo ya kitanda inapovuta.

Baada ya miezi michache unaweza kuona vinyweleo vyeupe vikitokeza kwenye uso wa buluu. Hiyo ni sufu ya ndani inayotafuta njia, na sababu mara nyingi ni moja kati ya mbili: kitambaa cha juu kimelegea, au mfarishi umefuliwa. Usivivute, kila unachovuta kinaleta kingine, vikate. Kuhusu kufua, jibu ni hapana. Maji yanaondoa mng'ao, yanaigandisha sufu ya ndani, na nili na rubia vinaweza kuhamia kwenye kitambaa cha chini. Anika upepo wa kivulini, piga brashi laini, doa lisuguliwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu.

Nondo ndiye adui mwenyewe, au kwa usahihi viwavi wake, maana nondo mzima hali sufu. Wanapenda giza, utulivu na jasho la binadamu, yaani mfarishi uliokunjwa chini ya sanduku. Kama una friza ya kufika nyuzi 18 chini ya sifuri, funga mfarishi kwenye mfuko usiopitisha hewa, ukae humo wiki mbili, kisha uuache uyeyuke ndani ya mfuko huo huo siku nzima kabla ya kuufungua, ili unyevu ugande juu ya plastiki na si juu ya sufu. Kuanika juani kunawafukuza viwavi lakini kunachosha rangi. Wakati wa kuuhifadhi, uviringishe kwenye bomba la karatasi ngumu badala ya kuukunja. Mng'ao huvunjika kwenye mkunjo na kuacha mstari mweupe. Kahawia na nyeusi za kale zilizotiwa kwa chuma huoza zenyewe mahali pale penye rangi, na hakuna dawa ya nyumbani. Ukiona unga unadondoka, usishone juu yake.

Tumalizie na ombi kwa chumba chako cha picha, Mhariri. Mfarishi wa kitambaa kimoja ukipigwa kwa flashi ya mbele unatoka gazetini kama shuka la hospitali, na msomaji anajiuliza sifa ziko wapi. Zimeni flashi. Utundikeni ukutani, taa moja ikae kushoto, karibu na ukuta, mwanga uparuze uso wa kitambaa badala ya kuupiga usoni, na taa nyingine zote chumbani zizimwe. Kamera ibaki mbele. Kama hakuna taa, saa moja kabla ya magharibi karibu na dirisha la pembeni inatosha.

Mafundi wa ushonaji wa sufu,
Njombe